Mageuzi ya Nyumba Zetu na Gharama ya Kuni, Makaa na Umeme

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Lunga Lunga



Halmashauri imenipa kazi ya kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo kwa kulitazama juu juu laweza kuonekana dogo, nalo ni haya mageuzi tuyafanyayo katika nyumba zetu, na jinsi yanavyozidisha au kupunguza kuni, makaa, mafuta ya taa na umeme tutumiavyo. Sababu ya kupewa kazi hii i wazi. Maombi ya mkopo yafikayo mezani pangu siku hizi, mengi ni ya mabati, saruji na kuvuta umeme. Na baadhi ya wale waliokwisha kopa na kujenga huandika tena baada ya miezi michache kueleza kwamba wamechelewa kulipa kwa kuwa matumizi ya nyumbani yamezidi. Mimi si fundi wala mwanachuoni. Lakini karani huzisoma barua zote mbili, ile ya kuomba na ile ya kujitetea, naye akiziweka pamoja hana budi kujiuliza kama nyumba mpya haikuwa yenyewe chanzo cha matumizi hayo.

Nataka isifahamike kwamba nimesimama hapa kuwarudisha watu kwenye makuti. Bati lina faida zake. Halihitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, halishiki moto kwa cheche moja, na maji yake ya mvua yaweza kukingwa yakatumika, jambo kubwa kwetu sisi ambao wake na watoto wetu huteka maji mbali. Tena makuti yenyewe yamekuwa haba. Minazi mingi imezeeka, mingine imekatwa mbao, mingine imeliwa na chonga. Na mahoteli ya Diani nayo yanayataka makuti yale yale, hata mgeni atokaye Ulaya hulipa fedha nyingi apate kulala chini ya paa tulikimbialo sisi. Boriti nazo si kama zamani. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuuza boriti za mikoko katika nchi za nje, na mwezi wa Februari 2018 ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, amri iliyokaa hadi mwaka 2023. Basi mtu aliyeamua kujenga kwa mawe na bati hana kosa. Swali langu ni jinsi gani amejenga.

Tuitazame kwanza nyumba ya zamani ilivyofanya kazi. Kiambaza chake cha udongo uliokandikwa juu ya fito kilikuwa kinene, kikachukua muda mrefu kupata moto wa jua. Paa la makuti lilikuwa na hewa nyingi ndani yake, na hewa iliyotulia huzuia joto. Kwa hiyo jua la saa saba halikumfikia mtu aliyelala chini. Upenu ulishuka chini ukakitia kivuli kiambaza na baraza. Na baina ya kiambaza na paa paliachwa uwazi kuizunguka nyumba yote, moshi ukatoka huko na upepo ukaingia. Hakuna aliyeandika hesabu za mambo haya, lakini waliojenga hivyo waliyajua.

Moto nao katika nyumba ile ulikuwa na kazi nyingi. Ulipika chakula. Ulitoa mwanga wa jioni. Moshi wake ulipanda kwenye uchaga juu ya mafiga ukayalinda mahindi na fukusi, kisha ukapenya katika makuti ukawafukuza wadudu wale wayalao, na kwa kiasi fulani ukawapunguza mbu. Joto lake lilizikausha kuni za kesho zilizowekwa juu. Sasa mtu ajengapo nyumba ya matofali ya saruji, mafiga yakatolewa nje au yakatiwa katika kijichumba cha pembeni, kazi zile zote hazifi. Zinabaki zikitafuta wa kuzifanya. Mahindi yataka dawa ya unga ya dukani. Mbu wataka dawa ya kuchoma. Usiku wataka taa. Kuni, kwa kukosa uchaga, hulowa wakati wa masika, na ukuni mbichi au uliolowa hupoteza sehemu kubwa ya moto wake kwa kukausha maji yake mwenyewe kabla ya kuchemsha maji ya sufuria. Mama apikaye hulazimika kuongeza kuni, na moshi huzidi. Hivyo yule bwana asemaye kwamba gharama imetoka asikokujua, angetazama mahali uchaga ulipokuwa.

Sasa niseme juu ya bati. Bati jembamba, kama lile la geji 32, halizuii joto hata kidogo. Jua likilipiga, upande wa chini nao huwaka, na mtu aliye chini yake hupata joto hilo kichwani ingawa dirisha liko wazi. Ni kweli kwamba usiku bati hupoa upesi kuliko makuti. Lakini kuta za saruji zilizopigwa na jua la alasiri hazipoi upesi. Huutoa moto wake saa mbili na saa tatu za usiku, wakati watu wanapotaka kulala. Hapo ndipo huanza mashauri ya kununua feni.

Tiba yake si ghali kama watu wadhanivyo. Dari ya mbao nyembamba, au hata ya mikeka na majamvi iliyofungwa vizuri na kuwekwa mbali na moto, ikiachwa nafasi ya hewa kati yake na bati na matundu katika pembe mbili za juu, huondoa sehemu kubwa ya joto hilo. Rangi nyeupe juu ya bati hulirudisha jua angani. Lakini yataka kupakwa upya, maana vumbi letu jekundu haliheshimu rangi ya mtu. Upenu uongezwe angalau hatua moja kutoka ukutani. Twaona mafundi wengi wa siku hizi wakilikata bati sawasawa na ukuta ili kubana gharama. Vipande wanavyookoa hapo hulipwa mara nyingi baadaye.

Jambo jingine ni upande nyumba inapoelekea. Sisi tuko kusini ya mstari wa ikweta kwa nyuzi nne na kitu. Jua hupita juu ya vichwa vyetu hasa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na katika miezi mingine huegemea kidogo kaskazini au kusini. Kwa hiyo kuta zinazoteseka ni zile zitazamazo mawio na machweo. Nyumba ndefu yafaa iwe na kuta zake fupi upande wa mashariki na magharibi, na madirisha yake katika kuta ndefu, ambako upenu waweza kuyafunika. Upepo nao twaujua: kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi hutoka upande wa kaskazini na mashariki, na kusi hutoka kusini na mashariki. Dirisha moja tu halileti upepo, kwa maana upepo usipokuwa na mlango wa kutokea hauingii. Hata hivyo siku hizi nyumba nyingi huelekezwa barabarani, kwa sababu mwenyewe ataka waendao Horo Horo waione. Barabara haina habari za jua.

Najua wazee watasema dirisha kubwa huvunja sitara, tena hualika wezi. Maneno hayo ni ya haki, na Chama hakiwezi kuyapuuza. Lakini matofali yenye matundu yakijengwa safu mbili juu ya kimo cha mtu, hewa itapita na aliye nje hataona kitu. Miji yetu ya kale, Lamu, Mombasa na Unguja, ilijenga nyumba zenye sitara kubwa sana, na bado zilikuwa na ua wa ndani, dari za juu na kuta nene. Wenzetu wa Ghuba walijenga minara ya kukamata upepo na kuushusha vyumbani. Ndugu zetu hao wote walikuwa na haya na wake zao kama sisi, na hawakujizibia hewa.

Ule uwazi wa juu ya kiambaza, ambao mafundi huuziba kabisa wajengapo kwa matofali, ndio nautaka tuufikirie zaidi ya mambo mengine. Kuna sababu njema ya kuuziba, kwa kuwa mbu aletaye malaria hupenda sana kuingilia hapo. Mganga yeyote wa zahanati atakuambia hivyo. Lakini ukiuzibwa wote kwa saruji, joto na moshi navyo hufungiwa ndani, na mtu aliyeokoa mtoto wake kwa mbu atakuwa amempa kifua. Wavu mwembamba wa waya uliogongomewa katika uwazi ule humzuia mbu na kuiacha hewa. Ni kazi ya nusu siku kwa fundi mmoja. Nashangaa kuona mtu akinunua milango ya chuma yenye maua, naye husema hana fedha za wavu.

Na moshi si jambo la macho kuwasha tu. Shirika la Afya Duniani lilikisia kwamba mwaka 2020 moshi wa majiko ya nyumbani uliwaua watu wapatao milioni 3.2 duniani, wakiwamo watoto wengi wa chini ya miaka mitano kwa ugonjwa wa mapafu. Katika nyumba ya makuti moshi ulipata njia. Katika chumba cha saruji chenye bati na dirisha moja hauna pa kwenda. Hushuka ukakaa pale alipokaa mama na mtoto mgongoni. Makaa hayana moshi mwingi, na kwa hiyo watu huyaamini. Lakini jiko la makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Masika inaponyesha, mtu huliingiza jiko ndani, akafunga mlango na dirisha, mvua ikapiga bati hata hasikii adhana, akalala. Wapo wasioamka. Nawaomba wazazi walioko hapa wawaambie watoto wao jambo hili leo jioni, wasingoje kitabu hiki kitoke.

Bwana Mwenyekiti, makaa yanahitaji maneno zaidi, kwa kuwa hayo ndiyo mabadiliko makubwa yaletwayo na nyumba mpya. Mwanamke aliyepika kwa kuni uani huanza kupika kwa makaa mara apatapo jikoni penye sakafu ya saruji, kwa sababu hataki kuta zake nyeupe zipakwe masizi. Yamfaa yeye, lakini porini gharama yake ni kubwa. Katika tanuri la udongo litumiwalo kwetu, kilo moja ya makaa hutaka kuni kilo sita hadi kumi. Gunia la kilo 35 basi limekwisha kula kuni kilo 210 mpaka 350. Hata ukikumbuka kwamba kilo ya makaa ina moto mwingi kuliko kilo ya kuni, bado sehemu kubwa ya mti imepotea katika moshi wa tanuri kabla gunia halijafika barabarani. Nyumba ikihama kutoka kuni hadi makaa, yaweza kuwa imeongeza miti iikatayo ingawa mama wa nyumba haonekani tena na mzigo kichwani. Na mtu akitaka kujua miti ilivyokuwa, aende akaingie katika Kaya Kinondo, ambayo pamoja na kaya nyingine za Mijikenda iliandikwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia. Msitu wake umesalia kwa sababu wazee walikataza shoka.

Kwa hiyo aliye na jiko la bati tupu afanye bidii ya kupata lile lenye udongo wa kuchomwa ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980. Jiko hilo, likitunzwa na lisiwe na ufa, huokoa makaa kwa theluthi moja au zaidi. Yaani aliyekuwa akimaliza magunia matatu atamaliza mawili. Kwa wapikao kwa kuni, liko jiko la kuni la udongo wa kuchomwa ambalo Maendeleo ya Wanawake walilieneza miaka ile ile, lijengwalo ndani ya udongo na mawe jikoni kwa bei ndogo. Gesi ni safi kuliko yote haya, na anayeiweza aitumie, mtungi ukae mahali penye hewa. Ila bei yake imepanda na kushuka pamoja na kodi. Kodi ya asilimia 16 iliirudia Julai 2021, ikapunguzwa nusu mwaka uliofuata, ikaondolewa mwaka 2023. Kwa sababu hiyo wengi wana mtungi na bado wana jiko, nami siwalaumu.

Sasa umeme. Mwaka 2015 ada ya kuunganishwa ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 kwa nyumba zilizo karibu na transfoma, na wengi wetu tulifurahi. Mafuta ya taa yalipotozwa mwaka 2018 ushuru wa shilingi 18 kwa lita, hata waliokuwa wakisitasita waliiacha koroboi. Ni maendeleo mema. Lakini tukumbuke kwamba umeme hauiulizi nyumba ilivyojengwa, bali huuza tu. Chukueni hesabu hii. Feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi kwa siku hula yuniti 18 kwa mwezi. Glopu moja ya zamani ya wati 60, ikiwashwa saa tano, hula yuniti 9; glopu mpya ya wati 9 itoayo mwanga ule ule haifiki yuniti moja na nusu. Mtu aliyeziba madirisha hulazimika kuwasha taa adhuhuri. Mtu asiyeweka dari hulazimika kuzungusha feni usiku kucha. Yuniti hizo amezipanga fundi siku ya kuinua ukuta, na mwenye nyumba atazinunua kwa tokeni maisha yake yote. Bati moja la kupitisha mwanga juu ya ukumbi lingemwondolea taa ya mchana, ingawa lisizidi moja, kwa kuwa huleta joto pia.

Tena umeme hukatika. Ndugu zetu wa Unguja, ambao umeme wao hutoka bara kwa waya upitao chini ya bahari, walikaa gizani kwa muda wa mwezi mmoja mwaka 2008, kisha kwa miezi mitatu tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Makaa na mafuta yalirudi mitaani kwa bei mpya. Kenya nayo, usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi yote ilizimika. Nyumba yenye upepo wake yenyewe haikusikia joto usiku ule.

Nimesikia mzee mmoja akisema kwamba haya ni mambo ya wanawake, mwanamume kazi yake ni kujenga. Kwa heshima zote, hapo ndipo ugumu ulipo. Katika maombi yote ya mkopo wa nyumba niliyoyapokea, sijaona hata moja lililotaja jiko litakaa wapi. Chumba cha wageni hutajwa, na vigae vyake pia. Jikoni hubakizwa mwishoni, kwenye kona iliyobaki, na mara nyingi kona hiyo iko upande upepo utokako, hata moshi wote ukaingia vyumbani. Anayepika, aliyejua upepo wa kaskazi ulivyo saa kumi na mbili asubuhi, hakuulizwa.

Kwa hiyo Halmashauri yaleta mbele ya Mkutano huu shauri lifuatalo, lipigiwe kura. Fomu ya mkopo wa nyumba iongezwe nafasi ya kuonyesha madirisha, upenu na mahali pa jiko, na itiwe sahihi au alama ya kidole na yule apikaye katika nyumba hiyo pamoja na mkopaji. Fedha za wavu, za dari na za jiko bora zikopeshwe kwa masharti yale yale ya mabati, hata kama mtu hajengi nyumba mpya. Na mkopo wa bati usitolewe kamili mpaka wajumbe wawili, mmoja wao mwanamke, wawe wameitazama nyumba na kuona kwamba uwazi wa juu haukuzibwa kwa saruji.

Wapo watakaolipinga shauri la wajumbe kwa kusema kwamba Chama chaingia nyumbani mwa watu. Wana haki ya kusema hivyo, na wapewe nafasi wasikizwe kabla ya kura. Mimi nitawaomba tu waje kwanza mezani pangu wazisome zile barua mbili mbili, majina yakiwa yamefunikwa. Fomu mpya nimeziandika tayari kwa mkono, nakala kumi, ziko kwa Mweka Hazina. Anayetaka kuitazama kabla ya kupiga kura amwombe sasa.